Kushuka Ziwani Kuhesabiwa Mayai

Nilikwenda ziwani kwa sababu ya sengu. Kila jioni pale kijijini Mapera wanaume wa ukoo wa mume wangu hula pamoja kwa babu mkubwa. Kila mke hupeleka sahani yake, kisha wao wanaamua mambo ya nyumba zetu, huku sisi tuliopika tumetega masikio jikoni. Hiyo ndiyo sengu. Mwaka wa tano wa ndoa yangu waliniamua mimi: kama kahawa itavunwa na bado sina mimba, nirudishwe kwetu kwa heshima zote. Heshima zote maana yake ni mbuzi mmoja na mtu wa kunibebea godoro. Kanisani hayo hayakubaliki, lakini padri hakuwa anakula sengu.

Kasiani, mume wangu, alirudi nyumbani akanyamaza. Nilimpenda na nilijua ananipenda, ila mbele ya baba zake wakubwa ulimi wake ulikuwa unalala usingizi. Nami nilikuwa na siri zangu. Hedhi ilikuja ilipojisikia, mara baada ya miezi mitatu, mara minne, na kidevuni ziliota ndevu chache nilizozing'oa nyuma ya banda la nguruwe. Mama mkwe alikuwa na tiba moja tu, chakula. Aliamini tumbo la uzazi ni kama shamba la ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, usipolifukia majani halizai. Alinifukia maharage, parachichi na nyama ya nguruwe mpaka gauni langu la harusi likawa linanitosha mkono mmoja.

Nesi mmoja ndiye aliyeniambia kwamba kule ufukweni kuna hospitali yenye mashine ya kuona ndani ya tumbo. Nilipoomba ruhusa, mama mkwe akasema tutakwenda wote. Nikajua sengu imenipa askari.

Mbinga mjini tulifika asubuhi, baridi ikiwa bado kali. Ulikuwa wakati wa ruksa, serikali imefungulia biashara. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kugombania wakulima, maduka yamejaa redio na sabuni za kunukia, na mitumba imetandazwa hadi barabarani. Mama mkwe akachagua koti zito la sufu lenye vifungo vya dhahabu, akalivaa hapo hapo. Mwenye duka la jirani, Mzee Salimu, ambaye kwao ni Kilwa, alikuwa anateremsha lori ziwani kuchukua dagaa. Akatuuliza tunafuata nini huko. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu kwamba ana magoti.

Kwa uongo huo alipewa kiti cha mbele, mimi nikapanda nyuma na magunia ya mahindi. Kila lori liliposimama nilimsikia akiongeza ugonjwa. Tulipoanza kushuka milima, magoti yalikuwa yameshafika kiunoni, na Mzee Salimu alikuwa anamwombea dua.

Kuelekea Mbamba Bay barabara inapinda hadi unasahau ulikotoka. Ghafla ziwa likaonekana chini, pana, halina ng'ambo. Joto likapanda kutufuata. Nilivua sweta, nikafungua kilemba. Mama mkwe hakuvua koti, jasho likamtiririka hadi kwenye vile vifungo.

Jioni tulipokelewa na Mama Ethel, Mnyasa mjane aliyezoea kulaza wagonjwa wa kutoka milimani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anamkagua mwenzangu. Aliuliza kama huko kwetu Umatengo watu huzikwa na makoti au huyarithi. Mama mkwe akajibu kwamba huko kwetu watu wana nguo. Basi wakapendana. Tulikula samaki mbasa kwa ugali wa muhogo, ambao mama mkwe aliusema vibaya na kuumaliza.

Kesho yake hospitalini niliambiwa ninywe maji mpaka kibofu kijae, nisiende haja, ndipo picha itoke vizuri. Nilikaa kwenye benchi nimebana mapaja, nikimchukia kila aliyeitwa kabla yangu. Nesi aliniuliza, "Wewe mama nani?" Nikamwambia bado naitwa Filomena tu.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Mama mkwe aliingia bila kualikwa, akasimama karibu na mashine kama mkaguzi wa mizani. Kwenye kioo vikaonekana viduara vyeusi vingi, vimejipanga pembezoni. Daktari akaeleza taratibu kwamba hayo ni mayai yangu. Yanaanza kukua, halafu yanasimama kabla ya kukomaa, ndiyo maana hedhi inaruka na ndevu zinaota. Ni maradhi ya wanawake wengi, si laana wala malipo ya dhambi. Kuna vidonge vya kuyaamsha. Itanibidi nipunguze mwili, nivumilie miezi kadhaa, na mume wangu naye aje apimwe. Wengi hupata mtoto, akasema, lakini yeye haahidi.

Nililia. Miaka mitano nilikuwa nimejiuliza nimemkosea nani, na hakuna aliyewahi kunijibu.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu, ni mengi kiasi gani. Daktari akacheka, akahesabu, akasema upande huu yamepita kumi. Na upande wa pili? Vivyo hivyo. Akashukuru, akatoka.

Jioni hiyo majirani wote wa Mama Ethel walijua idadi ya mayai yangu. Mvuvi mmoja alinipa pole, mwingine akanipa hongera. Nilitamani ziwa linimeze. Hata hivyo agizo la kupunguza mwili mama mkwe alilishika vizuri mno. Tangu usiku huo alinilia samaki wangu wote mbele ya macho yangu, kwa faida yangu.

Siku ya kurudi, Mzee Salimu aliuliza habari za magoti. Mama mkwe akasema yamepona kabisa. Mzee akamshukuru Mungu, kisha kiti cha mbele akampa mgonjwa mwingine. Ndivyo mama mkwe alivyojikuta na koti lake juu ya magunia ya dagaa, karibu yangu. Hapo nikapata ujasiri.

"Mama, daktari ulimwelewa? Mayai ni mengi kwa sababu yamekwama. Si baraka."

"Nilimwelewa," akasema. "Mimi Kasiani nilimpata mwaka wa saba. Hakuna aliyeniambia nina nini. Nililishwa tu, na nikatukanwa." Akafunga kifungo cha juu, maana tulishaanza kuingia baridini. "Wewe nyamaza. Wazee niachie."

Jioni ya kufika Mapera mama mkwe alibeba sahani ya sengu mwenyewe, mimi nikachungulia kutoka jikoni. Mwanamke huweka chakula na kuondoka. Yeye aliweka, akabaki amesimama.

"Wazee, shikamooni. Huyu mtoto amepimwa kwa mashine. Ana mayai zaidi ya kumi upande huu, na zaidi ya kumi upande huu. Nimeyaona. Mnataka mali yote hiyo tuirudishe kwao?"

Babu mkubwa akauliza, kama ni mengi hivyo, mbona mtoto hamna.

"Hata daktari ameuliza. Anasema sasa aletewe jogoo."

Nilisikia Kasiani akipaliwa na ugali. Nikasikia wazee wakikohoa mmoja mmoja, kila mtu akitafuta pa kutazama. Kisha sauti ya mume wangu, ambayo sikuwahi kuisikia mahali pale, ikasema, "Nitakwenda kupimwa. Na Filomena harudishwi." Hakuna aliyempinga.

Huko ziwani nilijifunza kwamba maradhi yangu yanajulikana na yana dawa, ingawa dawa yenyewe haina ahadi. Nilijifunza pia kuwa yule niliyemdhania askari alikuwa mfungwa mwenzangu aliyetangulia kutoka. Jikoni nilikuwa nacheka nimejiziba mdomo kwa kanga alipoingia, akaketi kando ya moto. Alijaribu kufungua kifungo cha juu cha koti, mikono ikamshinda. Nikaishika yote miwili, nikaacha kucheka.