Ndama wa Nyasi

Bibi hataki kula. Leo nimemsogezea tena kikombe cha uji hapa kwangu Kitaji, kageuza uso ukutani, anauliza, "Binti yangu hajafika?" Binti yake ndiye mama yangu, na tulishamzika kule Kiriba. Nikimwambia ukweli analia upya kama kaambiwa leo, uji unapoa. Daktari kasema asipokula hatuna naye muda mrefu. Basi nikatoka, nikakaa kwenye ngazi na kikombe mkononi, nimechoka kabisa, na akili ikanikimbilia kwenye mpira. Usinicheke, ngoja nikueleze.

Nilipokuwa mdogo tulikuwaga tunakaa Kiriba kwa bibi, na shuleni kwetu akaja mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Alikuja na mpira wa ajabu, una ncha mbili, kama yai. Ukiudundisha unarukia usikotaka, kama mbuzi aliyekata kamba. Alisema mpira huo unabebwa: unaukumbatia, unakimbia mpaka uvuke mstari wa wapinzani, na wao wanakukamata wakuangushe. Hapo ndipo wasichana tukaingia uwanjani. Mpira wa miguu ulikuwaga wa wavulana, sisi tunachota maji ya bustani ya shule. Asubuhi naamka na harufu ya samaki furu wanabanikwa, nafagia zizi haraka haraka, nawaza yai tu.

Mwalimu mkuu hakuupenda. Alisema unachana sare na unafundisha wasichana kupigana. Tulipoalikwa na shule moja ya Bunda, ambako mwalimu wetu alikuwa anaufundisha mpira huo Jumamosi, mkuu akatutangazia mstarini: tukifungwa, mpira unaingia stoo na wasichana wanarudi kwenye ndoo.

Na tungefungwa tu. Wale wa Bunda walikuwa wanabeba magunia ya pamba kwao, mapaja kama vinu. Sisi vijiti. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenuna.

Nikamkuta bibi zizini anakamua. Ng'ombe yule alikuwa amefiwa na ndama, na ng'ombe aliyefiwa anagoma kuachia maziwa. Bibi alikuwa amefanya wanavyofanyaga wafugaji wa kwetu: kachuna ngozi ya ndama, kaikausha, kaijaza nyasi, kaisimamisha mbele ya mama yake. Ng'ombe ananusa, analamba, maziwa yanashuka. Nikamuuliza bibi, kwani haoni kama ni nyasi?

Bibi hakuacha kukamua. "Anajua," akasema. "Ila anataka kulamba."

Nikasahau hilo jibu, kichwani zikabaki zile nyasi tu. Kesho yake tukashona yai letu kwa ngozi kuukuu, tukalijaza nyasi. Hata mwalimu hatukumwambia.

Bunda walitutesa. Mwisho unakaribia, wako mbele, mkuu wetu kakunja mikono pembeni. Tukakusanyika duara, vichwa vimegusana, kama tulivyofundishwa. Yai la nyasi likatoka na mpira wenyewe ukaingia ndani ya sweta yangu, sweta ya kurithi iliyonifika magotini. Mvulana mmoja wa timu yetu, mwenye mbio, akakumbatia yai la nyasi, akachomoka kulia anapiga kelele. Bunda nzima ikamfuata, ikamlalia.

Mimi nikaenda kushoto, natembea, nimeshika tumbo. Nilitaka kukimbia mpaka miguu inaniwasha. Mama mmoja muuza karanga akaniangalia kwa huruma. "Pole mwanangu, choo kiko kule nyuma." Nikapita mbele yake, nikavuka mstari, nikauweka mpira chini. Kule kwingine walikuwa wanainuka na nyasi kwenye nywele.

Mwalimu wa Bunda akasema huo ni wizi. Mwalimu wetu alicheka mpaka akakaa chini. Akawaambia kwao zamani, mchezo ulipokuwa bado mchanga, watu walifichaga mpira kwenye sweta hivi hivi, na ulihesabiwa, mpaka ikaja sheria ya kukataza. "Hapa bado hakuna aliyekataza," akasema. Ukahesabiwa. Tukashinda.

Jioni nilimsimulia bibi, akanipapasa tumbo akacheka. Tangu hapo kila nikitoka shule ananipapasa, anauliza, "Umeficha nini leo?"

Vimeisha vyote hivyo. Mwalimu alirudi kwao, mpira ukatobokea kwenye michongoma, wasichana wakarudi kwenye ndoo. Ng'ombe tuliwauza bibi alipoanza kuumwa, zizi sasa ni majani. Mama naye hayupo.

Nikainuka kwenye ngazi, nikaupasha uji moto. Nikatoa kitenge cha mama sandukuni, kile ambacho sijakifua kwa sababu bado kina harufu yake, nikajifunga. Nikaingia taratibu, kama siku ile Bunda.

"Nimefika, mama."

Bibi aligeuka. Akavuta ncha ya kitenge, akaiweka puani, akainusa. Halafu akafungua mdomo. Nikampa kijiko, akameza. Nikampa kingine. Uji ukafika nusu, wa kwanza wiki hii.

Kisha mkono wake ukashuka ukanipapasa tumbo, juu ya kitenge cha mama.

"Umeficha nini leo?" akauliza, taratibu.

Akafungua mdomo tena, akasubiri kijiko.