Kamba ya Papa Basile na Kompyuta Tatu

Siku ya kazi, Papa Basile Lifenya hupatikana mahali pawili tu: tumboni mwa baleinière yake, ile mashua ndefu ya mbao inayopeleka watu na magunia Yanonge na kurudi Kisangani, au mbele ya kompyuta ya mtu mwingine. Yake mwenyewe hana. Simu ya kioo aliyonunuliwa na binti yake ilimponyoka mwaka juzi akiwa ameinama kuchungulia rafadha, na tangu siku hiyo, husema yeye, samaki wa mtoni ndio wanaosoma habari zake.

Habari zenyewe hutoka mbali. Miaka minne iliyopita aligundua kwamba duniani kuna jukwaa la mtandaoni la watu wanaopenda injini kuukuu za dizeli, zile za silinda moja zinazokohoa tu-tu-tu kama mzee aliyepaliwa na maji. Alikuwa akidhani yuko peke yake na ugonjwa huo. Kumbe wako mia tatu! Kuna mwalimu mstaafu wa Quebec, kuna mvuvi wa Saint-Louis kule Senegal, kuna Mkambodia mwenye pampu ya kumwagilia mpunga, ambaye Kifaransa chake kina maneno arobaini na karibu yote ni majina ya vipuri. Na kuna Madame Yvonne wa pwani ya Bretagne, mjane wa miaka themanini na mmoja, aliyefungua na kufunga injini za meli za uvuvi tangu akiwa msichana. Papa Basile hajamwona hata mmoja wao kwa macho. Anajua vikohozi vya injini zao.

Shida ilikuwa kujua nini amekwisha kusoma na nini bado. Jukwaa hilo ni la zamani kama injini zenyewe. Ujumbe ambao hujaufungua huonekana kwa maandishi mazito meusi. Ukishaufungua, maandishi hukonda. Lakini alama hiyo haifuati jina lako. Inakaa ndani ya kompyuta uliyotumia, na Papa Basile alitumia tatu. Ya kwanza ni ya cyber moja ya mtaa wa Makiso, ambako mwenye duka hufuta kumbukumbu zote kila asubuhi kama mtu anayefagia uwanja, hivyo huko kila ujumbe ni mweusi, hata wa miaka mitatu iliyopita. Ya pili iko ofisini parokiani. Mama Ursule, katibu wa parokia, humwachia kiti chake saa moja kila Jumatatu na Ijumaa. Na huko, kwa sababu ambayo hakuielewa kamwe, kila kitu kilikuwa kimekonda hata kabla hajakaa. Ya tatu ni ya Claudine, mtoto wa dada yake, katika ajansi ya safari za mtoni, wakati wa mchana bosi akiwa amekwenda kula.

Matokeo yake, Papa Basile aliwashukuru watu mara tatu kwa jibu moja. Yule mvuvi wa Saint-Louis alipofiwa na injini, Papa Basile alimpa pole Jumatatu, akampa pole Jumatano, akampa pole Ijumaa kwa maneno mazito zaidi na mstari wa Zaburi, wakati injini ilikuwa imeshafufuka tangu Jumanne. "Ndugu Basile," mvuvi aliandika, "naomba uniache nifurahi."

Ndipo alipoikumbuka kamba ya baba yake. Baba yake alikuwa mvuvi wa Yanonge. Alfajiri, ukungu ukiwa umefunika mto hadi huoni ncha ya mtumbwi wako, alipita kando ya ukingo akivuta madema yake ya kutegea samaki, na kwa kila dema alilolivuta alifunga fundo moja kwenye kamba ya rafia. Hivyo hakulirudia dema alilokwisha kulivuta. Papa Basile akafanya vilevile. Kila mada ya jukwaa akaipa kamba yake, na kila ujumbe aliousoma fundo moja. Kompyuta iseme inachotaka: kamba ikiwa na mafundo ishirini, yeye anaanza kusoma ujumbe wa ishirini na moja, basi.

Ilifanya kazi vizuri ajabu. Akawa na kamba kumi na moja kiunoni, zikipepea nyuma yake akiwa amepakiwa kwenye toleka, baiskeli za abiria, kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Wauza ndizi wakamwita.

"Papa! Hiyo iko dawa ya nini?"

"Dawa ya kusahau!"

"Unipatie moja nimufungie bwana yangu, anasahauka nyumba!"

Kamba ndefu kuliko zote ilikuwa ya mada aliyoianzisha yeye mwenyewe: "Inakufa dakika ya kumi na mbili." Ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi. Injini ya baleinière yake ilikuwa inawaka vizuri, inaimba, inafurahisha moyo, halafu dakika ya kumi na mbili inakohoa mara mbili na kuzima. Na Jumamosi binti yake Aurélie alikuwa anaolewa Yanonge. Mbele ya koo mbili, siku ya kupokea mahari, Papa Basile alikuwa amesimama na kuapa: "Mutoto wangu atashuka Yanonge na moteur yangu mimi. Kama si hivyo, mimi sishuki."

Shemeji yake Dominique, kaka wa mke wake, hakusahau kiapo hicho, wala hakuruhusu mtu mwingine akisahau. Alhamisi jioni alikuja ukingoni, akakaa juu ya gunia, akatazama saa yake. Dakika ya kumi na mbili, kho, kho, kimya.

"Beau, shemeji yangu," alisema, kwa upole wa mtu anayefurahi sana, "tupande kwa jirani yako Timothée. Yeye iko na moteur mupya. Wewe utakuja nyuma polepole, dakika kumi na mbili, dakika kumi na mbili. Utafika kwa ubatizo wa mutoto wa kwanza."

Ijumaa asubuhi Papa Basile alikuwa wa kwanza mlangoni pa cyber. Kila kitu cheusi, kama kawaida. Alihesabu kamba: mafundo arobaini na manne, aliyoyafunga hadi Jumanne kwa Claudine. Matatu kati ya hayo yalikuwa ya mtu asiyejulikana aliyeingia kwenye mada kuuza pomadi ya kuotesha nywele. Papa Basile, ambaye kichwa chake kinang'aa kama sufuria mpya, alikuwa amezisoma jumbe zote tatu kwa makini sana na kufunga mafundo yake kwa haki.

Basi akaanza ujumbe wa arobaini na tano. Ulikuwa wa mwalimu wa Quebec: "Basile, umejaribu alichosema Yvonne?"

Alichosema Yvonne? Papa Basile alikumbuka: Jumapili, Yvonne alimwambia aoshe chujio la mafuta. Aliliosha. Akaandika: "Nimejaribu. Bado inakufa." Akalipa, akapanda toleka kwenda parokiani.

Alipofungua kompyuta ya Mama Ursule, jukwaa lilikuwa kwenye matanga. Jumbe tano zilikuwa zimefika, na zote tano zilikuwa zimekonda tayari, hata ule ulioandikwa dakika kumi tu zilizopita. Yvonne: "Haiwezekani." Mvuvi wa Saint-Louis: "Basi Mungu aipokee." Mkambodia: "Pole. Silinda. Pole sana." Mwalimu wa Quebec alikuwa ameweka picha ya mshumaa. Na Yvonne tena: "Basile, uliipasha moto mpaka ikawa nyekundu kabisa?"

"Nipashe moto nini?" Papa Basile aliuliza kwa sauti. "Mama Ursule, unasikia? Huyu mama wa Bretagne anasema nichome kitu!"

Mama Ursule alikuwa amesimama dirishani akisoma kwa bidii karatasi ya nyimbo aliyoishika juu chini.

"Mambo ya moteur mimi nitayajulia wapi, Papa Basile?" alisema bila kugeuka. "Bon, utoke sasa. Père wa parokia anangojea karatasi za misa ya mutoto wako, na hiyo machine ndiyo inatoaka karatasi."

Saa sita na nusu alikuwa kwa Claudine, jasho likimtiririka, kamba mkononi. Claudine akamfungulia mada. Ujumbe ulikuwa umekonda hadi wa arobaini na moja. Kuanzia wa arobaini na mbili, mweusi tii.

"Na hii yako imeanza uongo," alisema Papa Basile. "Kamba iko na arobaini na ine."

"Tonton," Claudine alimwambia mjomba wake, "kwa hii machine hakuna mutu mwingine anaingiaka kwa mambo yako. Na sisi hatufutake kitu. Yenye iko nyeusi, hauyaisoma."

"Nilisoma! Hapa hapa, Jumanne, kwa hii kiti! Kulikuwa hata ile pomade."

"Alors, unionyeshe pomade."

Papa Basile akapanda juu, akashuka chini. Akapanda tena. Pomadi ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Msimamizi wa jukwaa alikuwa amepita na ufagio wake, akazitupa nje jumbe zote tatu, na kila ujumbe uliofuata ukashuka ngazi tatu: wa arobaini na tano ukawa wa arobaini na mbili.

Papa Basile aliiweka kamba mezani. Kisha akaanza kutetemeka mabega, na Claudine akaogopa, maana alidhani analia. Alikuwa anacheka. Alikuwa amemwona baba yake, mwaka ule mafuriko yalipobeba usiku madema matatu aliyokwisha kuyavuta. Mzee alipita asubuhi na kamba yake, akahesabu mafundo, akayaruka madema matatu ya mwisho yaliyojaa samaki, akarudi nyumbani na mtumbwi mtupu huku majirani wakiyasikia madema yale yakipigapiga majini. Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. "Kamba inahesabuka mikono yangu," alisema siku hiyo. "Haihesabuke mto."

"Tonton," alisema Claudine, "boss anarudi. Utacheka ao utasoma?"

Akaufungua ule wa arobaini na mbili. Ulikuwa wa Yvonne, wa Jumatano.

"Basile mpenzi," aliandika, "hewa inaingia kwenye mafuta. Chini ya chujio kuna kipete cha shaba ambacho kila mwanamume hukisahau. Kikizeeka kinakuwa kigumu, na injini ikipata joto kinaacha upenyo. Usikitupe. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu kabisa, kitumbukize majini, kitarudi laini. Mume wangu hakuamini hadi siku ya kufa kwake, lakini injini yake iliwaka."

Alikimbia ukingoni, akakichomoa kipete kutoka kwenye injini, na moto uliokuwa karibu ulikuwa wa mke wake. Marceline alikuwa ameinamia mbabula, jiko lake la makaa, akikaanga samaki wa harusi, na dada zake wanne wamemzunguka wakitwanga pondu, majani ya muhogo.

"Utoe sufuria," alisema Papa Basile.

"Nitoe nini?"

"Dakika tano, Marceline. Nachoma kipete."

"Watu mia moja watakula Yanonge, na wewe unanikaangia chuma?"

"Si chuma, iko shaba!"

"Ah, bon. Kama iko shaba, basi tutaikula na pondu!"

Dada wanne wakaanguka kwa kicheko, lakini sufuria ilitoka. Kipete kikaingia kwenye makaa, kikawa chekundu kama jicho la mlevi. Papa Basile alisita. Panga ukilichoma na kulitia majini linakuwa gumu, kila mtu anajua. Alimfikiria Yvonne, akamfikiria marehemu mumewe, akakiachia ndani ya kata ya maji. Tssss. Alipokikunja kwa vidole viwili, kilikubali kama ganda la ndizi iliyoiva. Jioni akakirudisha chini ya chujio, akaiwasha injini dakika chache tu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi baleinière iliondoka ukingoni ikiwa na bibi harusi, shangazi, kwaya, ngoma, sufuria kumi na tisa, na Dominique, aliyekaa karibu kabisa na injini ameshika saa yake kama mwamuzi wa mpira. Timothée, yule jirani mwenye injini mpya, alikuwa ameombwa awafuate kwa mbali, tayari kuwaokota.

Wote waliitazama saa ya Dominique. Dakika ya nane, kwaya iliacha kujipepea. Dakika ya kumi, Aurélie akaufunika uso wake kwa shela. Dakika ya kumi na moja, Marceline alisema Baba Yetu, akaanza tena kabla haijaisha. Dominique akainua kidole.

"Kumi na mbili," alisema.

Tu-tu-tu-tu-tu.

"Kumi na tatu!" akapiga kelele Aurélie, akaitupa shela, akaanza kucheza hadi mashua ikayumba, na kwaya nzima ikalipuka kwa wimbo katika sauti tatu zisizojuana. Dominique aliitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Beau," alisema mwishowe, "hii saa yangu iko na kufa."

Mama Ursule, mwalimu wa kwaya pia, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alisogea hadi kwa Papa Basile, akafungua mkoba wake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Juu yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa parokia: *kipete cha shaba, chini ya chujio, moto, halafu maji.*

Papa Basile alisoma mara mbili.

"Ni wewe!" alisema. "Ni wewe unakondeshaka ujumbe wangu!"

"Miaka mbili sasa," alisema Mama Ursule. "Haufungake, Papa Basile, unaachaka jina yako wazi. Nilisoma moja, nikaona haya, nikasoma ingine. Ningekuambia namna gani bila kujitoboa mwenyewe? Jana jioni nilishinda haya, nikakuletea hii karatasi. Kufika kwenye njia yenu, nikasikia moteur inaimba. Nikarudi."

Alitaka kukasirika, lakini uso wake ulikataa. Akatoa kamba ndefu mfukoni, akakaa kando ya injini yake, akafungua mafundo matatu ya pomadi, moja baada ya jingine, huku akijipapasa kichwa.

"Na yule Mukambodia," aliuliza Mama Ursule, akiinama ili asikike juu ya ngoma, "ulishaona? Pampu yake, kumbe kilichokuwa ndani ni..."

"Nyamaza!" Papa Basile aliziba masikio yote mawili. "Usiniambie, Mama Ursule, nakuomba! Kwake mimi niko kwa fundo la tisa!"