Watu Wanaojibu Wanachoulizwa

Mama mdogo alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya meza ya hakimu na kupiga chapa kila neno linalosemwa: la wakili, la mshtakiwa, la shahidi anayelia. Kwa hiyo alipoamua kuandika tamthilia ya televisheni, nyumbani hatukushangaa. Nani angeyajua maneno ya watu kuliko yeye?

Aliomba likizo ya miezi mitatu bila mshahara, akaweka meza ya plastiki chumbani kwangu, kwa sababu chumba changu kina mwanga na mimi sina kelele. Alipomaliza onyesho tulilisoma kwa sauti. Yeye alikuwa wanawake wote, mimi nikawa wanaume. Mumewe akipita mlangoni alikuwa ananitania, "Shikamoo, baba," kisha anaendelea na safari yake.

Hadithi ilihusu mwanamume aliyepoteza kazi akamficha mkewe jambo hilo. Baba mdogo mwenyewe alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sabuni, na tangu kiwanda kipunguze watu alikuwa anakwenda kila Jumatano kuuliza kama wataitwa tena. Hadithi ilikotoka sote tulikujua. Hakuna aliyetia neno.

Rasimu ya kwanza ilirudishwa, ya pili pia. Ya tatu tuliipeleka pamoja Jumatatu, likizo ikiwa imebakiza wiki moja. Ofisi ya watengenezaji wa tamthilia ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Mwongozaji, kijana aliyevaa miwani kichwani badala ya machoni, alifungua ukurasa wa tisa akasoma:

"'Umefukuzwa kazi?' 'Ndiyo, mke wangu. Nimefukuzwa Jumanne, saa tatu asubuhi, mbele ya msimamizi wangu.'" Akaziweka karatasi mezani. "Mama, samahani nikuulize. Mzee nyumbani anakujibu hivi?"

Mama mdogo akafikiri. "Yule hajibu kabisa."

"Sasa hawa wako nani kawaapisha? Wote wako kizimbani. Wakiulizwa wanajibu, tena na tarehe."

Nilidhani atakasirika. Aliinamisha kichwa, akacheka kidogo kama mtu aliyekutwa amevaa nguo nje ndani.

"Jumamosi waigizaji wanakuja kusoma," mwongozaji akasema. "Niletee nyingine. Ikishindikana, nitachukua hadithi ya mtu mwingine. Siwezi kungoja zaidi."

Maana yake ilikuwa wazi. Jumatatu inayofuata mama mdogo angekuwa amerudi mbele ya meza ya hakimu, na kwa umri wake asingepewa likizo nyingine ya kujaribu bahati.

Siku mbili hakuandika. Alikaa jikoni na daftari, akasikiliza. Jirani aliulizwa habari za binti yake, akajibu habari za maji kukatika. Mimi niliulizwa kama nimekula, nikasema sina njaa. Vyote alivitia daftarini, na kila alipoandika alitikisa kichwa. Miaka yote ile alikuwa amesikia watu waliolazimishwa kujibu, akadhani ndivyo watu wanavyoongea.

Jumatano baba mdogo akarudi kutoka kiwandani. Hata viatu hajavua, mkewe akamuuliza, "Wamesemaje?"

Baba mdogo akautazama mlango wa jikoni. "Huu unasugua chini. Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Nitaukwangua."

Akachukua patasi, akaukwangua mlango ule mpaka panya akapata njia. Mama mdogo hakurudia swali. Alimtazama mgongo kwa muda, kisha akaenda mezani. Sikusikia akinyanyuka mpaka jua lilipoingia upande wa pili wa chumba.

Alhamisi mchana alimwita mumewe akae kitandani kwangu. "Sikiliza hiki kabla sijakipeleka."

Tukasoma. Mimi nilikuwa baba mdogo, na baba mdogo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Tulipomaliza alikuwa anatazama sakafu.

"Huyo ni mimi."

"Ni wewe."

"Na watu wote wataniona."

"Ukikataa naifuta, nirudi zangu mahakamani. Sitakulaumu."

Najua hakuwa anatania, kwa sababu alikuwa ameshika kalamu tayari. Baba mdogo akaichukua karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapo anaposema 'nitaukwangua'," akasema, "toa. Asiseme. Mtu mwenye aibu haagi. Achukue patasi tu aende."

Mama mdogo akakata mstari ule. Kisha akamtazama mumewe jinsi nilivyokuwa sijamwona akimtazama siku nyingi, nami nikajifanya natafuta kitabu.

Jumamosi sehemu ya mume ilisomwa na mwigizaji mzee, mtu aliyekula chumvi nyingi katika kazi hiyo. Alipofika kwenye onyesho la mlango, alishuka na kidole kutafuta neno lake, akakuta hana. Kidole kikabaki hapo. Mwigizaji wa kike aliyesoma sehemu ya mke alifungua mdomo, akaufumba. Mle ndani hakuna aliyefunua karatasi.

"Ukurasa huu usiguswe," mwongozaji akasema taratibu. "Hizo nyingine thelathini na nne, andika upya. Nazitaka Alhamisi. Na uje na kitambulisho, tuandikishane mkataba wa vipindi sita."

Mama mdogo alishuka ngazi amekumbatia kurasa thelathini na nne zilizokataliwa, uso wake kama wa bibi harusi.

Jumatatu alipeleka barua ya kuacha kazi mahakamani, na saa nne alikuwa amesharudi mezani. Jioni baba mdogo aliniuliza kwa kunong'ona, "Ameandika ngapi leo?"

"Nusu ukurasa. Amefuta sita."

"Hapo sawa," akasema, akaenda kumchemshia chai.