Mbwa Asiyekubali Kuachwa

Watu husema ukipenda boga, penda na ua lake. Fundi Pindo hakupenda boga wala ua. Boga lenyewe lilimwangukia miguuni, nyuma ya karakana alikokuwa akishona mapazia, katikati ya vipande vya vitambaa vilivyotupwa: mbwa mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, mguu wa mbele wa kushoto umesagwa na pikipiki. Daktari wa mifugo aliukata mguu, akafunga kidonda, akauliza mwenye mbwa ni nani. Wenzake wa karakana wote wakatazama dari. Fundi Pindo akasema atakaa naye siku mbili tu, kidonda kikauke. Siku mbili hizo sasa zina miaka miwili.

Alimwita Kigoda, kwa kuwa kigoda nacho husimama kwa miguu mitatu na hakuna anayekionea huruma. Jina la Pindo lilikuwa lake yeye mwenyewe, alibandikwa na wateja, maana ukimpelekea suruali aipunguze, hutajua pindo ni la kiwandani au la mkono wake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, akiishi chumba na sebule katika ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti. Mbwa wa miguu mitatu hupanda ngazi kwa shida na kuzishuka kwa shida zaidi. Basi asubuhi na jioni mama wa watu alimbeba kwapani, ngazi sitini na nane kushuka, sitini na nane kupanda, magoti yakilalamika njia nzima.

Magoti yalikuwa jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba Kigoda hakukubali kuachwa. Aliyoyapitia kabla ya kuokotwa hakuna ayajuaye, lakini mlango ukifungwa, yeye ndani na Fundi nje, alitoa sauti ambayo usingeamini imetoka katika kiwiliwili kile. Hakubweka. Aliomboleza, bila kuvuta pumzi, mpaka Fundi arudi. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alivumilia mwezi mzima, na kwa haki ya Mungu huo ni uvumilivu, kisha akapeleka malalamiko kwa msimamizi wa nyumba. Msimamizi akaja na barua yenye muhuri: kilio kimoja zaidi, mbwa na mwenye mbwa watafute pa kwenda.

Ndipo Fundi akaacha karakana. Cherehani yake ya miguu akaiweka dirishani, kazi zikawa zinaletwa nyumbani: sare za shule, mapazia, suruali za kupunguza. Sokoni alikwenda na Kigoda mkobani, kichwa kimechungulia nje kama abiria. Harusini hakwenda. Msibani hakwenda, na watu walisema. Aliwahi kumpeleka kwa muuza nyama wa mtaa wa pili, mahali ambapo mbwa yeyote mwenye akili timamu angepaita peponi. Kigoda alikaa siku tatu ameupa ukuta uso, hajagusa mfupa. Muuza nyama alimrudisha mwenyewe, akasema, "Dada, huyu amegoma. Mpokee kabla hajanifia dukani." Fundi alicheka mbele yake, na alipofunga mlango akalia. Alimpenda mbwa yule na alimchukia, yote mawili kwa wakati mmoja, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa mji mwingine, safari ya saa tano kwa basi. Binti alipopata mimba alimwomba mama yake aende kukaa naye wakati wa kujifungua. Mkwe ana pumu. Blanketi tu lenye manyoya ya mbwa liliwahi kumlaza hospitali, kwa hiyo Kigoda asingeweza kwenda. Fundi alisema nitakuja, mwanangu, nitakuja, natafuta wa kukaa na huyu kiumbe. Akatafuta. Kila aliyemwomba alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Mtoto akazaliwa, wa kike, bibi yake akiwa ghorofa ya nne akishona sare za watoto wa watu wengine.

Siku ya tatu binti alipiga simu. Hakupaza sauti. Alisema, "Ningejua, mama, ningezaliwa na miguu mitatu." Akakata. Tangu hapo ni miezi minne, simu hazipokelewi. Mjukuu Fundi alimwona kwenye picha moja tu, aliyotumiwa na mkwe kwa siri.

Sasa alitaka kitu kimoja duniani: kumshika mtoto yule, na binti yake amwite mama bila kisu ndani ya neno. Kwa hilo alihitaji siku mbili nje ya nyumba. Siku mbili ambazo mbwa hatalia.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yake. Aligundua kwamba cherehani ikinguruma Kigoda hulala kando ya pedali usingizi wa pono, na ikinyamaza huinua kichwa. Basi alichukua simu, akairekodi cherehani ikishona pazia, saa nzima. Akaiweka simu kwenye droo ya cherehani, akaipanga ijirudie yenyewe, akatoka, akafunga mlango, akasimama kwenye ngazi akisikiliza. Ndani cherehani ilinguruma. Mbwa hakulia. Siku ya kwanza alikaa nje dakika kumi, kesho yake nusu saa, baadaye saa nzima. Hakumwambia mtu. Alimwogopa msimamizi, na pia aliona haya, mtu mzima kumdanganya mbwa. Mwalimu mwenyewe alimsifu walipokutana: siku hizi Fundi unashona bila kupumzika, hongera. Fundi aliitikia asante.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, alijaribu kukaa nje saa nne nzima. Zikipita salama, Jumamosi angepanda basi la asubuhi na kumwachia muuza nyama ufunguo, awe anaingia tu kuweka chakula. Simu aliiacha, maana simu ndiyo ilikuwa kazini. Alitembea mikono yote miwili ikiwa mitupu, na mikono ile haikujua ikae wapi. Alinunua kitambaa laini cha njano cha kumshonea mjukuu gauni. Akakaa kwenye benchi la bustani, akavua viatu, akala karanga moja moja. Alipaswa kuondoka saa nane. Aliondoka saa tisa na nusu, kwa sababu hakuna aliyemwita, na kutoitwa na mtu yeyote kulikuwa kutamu kuliko alivyokumbuka.

Ghorofa ya tatu Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alipomwona anapanda kutoka chini, alikunja uso kama mtu aliyekosea hesabu.

"Fundi," alisema, "kumbe hukuwa ndani?"

Akaeleza, naye akieleza huanzia mbali. Mchana alikuja mwanamke kijana, mtoto mgongoni, begi mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akapanda, akabisha hodi. Akabisha tena. Mwalimu akatoka na kupanda kumsaidia, naye ndiye aliyemwambia, yumo ndani, si unamsikia anashona? Yule kijana akaita mama. Cherehani ikaendelea. Akatoa simu akapiga, nayo ikalia humo humo ndani, na cherehani ikanyamaza. Wote wawili wakasogea pembeni mlango ufunguliwe. Simu ikalia mpaka ikaisha. Kisha cherehani ikaanza tena.

Alipiga mara nyingi, alisema Mwalimu. Kila mara ilikuwa vile vile: simu inalia, kushona kunasimama, simu inaisha, kushona kunaendelea. Mwishowe kijana alikaa kwenye ngazi, akamnyonyesha mtoto, akamfunga mgongoni, akashuka. Alikataa hata maji.

Fundi hakusikia maneno ya mwisho. Alizipanda ngazi zilizobaki kama hana magoti. Ndani, Kigoda alikuja akirukaruka, mkia unazunguka, mbwa mwenye furaha kuliko wote mjini. Simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa. Akapiga. Mara ya sita ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya binti palisikika injini ya basi.

"Mwanangu, sikuwepo," alisema. "Ile sauti ilikuwa kwenye simu. Nilimwekea mbwa ili niweze kutoka. Nilikuwa najiandaa kuja kwako Jumamosi."



"Nilipopiga nilisikia umeacha kushona," binti alisema. "Nikamwambia mtoto, bibi anakuja kufungua. Halafu ukaendelea."

"Si mimi. Simu ikilia ile sauti inakatika, ikimaliza inaendelea yenyewe."

"Sawa, mama."

Akakata. Kuna ukweli uliokaa kiuongo, na wa Fundi ulikuwa mmoja wao. Hata yeye alipojisikia akijieleza alijiona mwongo, tena mwongo asiye na akili. Lakini ushahidi alikuwa nao. Mtu aliyeshika cherehani miaka thelathini huamini kwamba kitu kikishaonekana, ubishi umeisha: mteja akibisha, unampa nguo aikague mshono mwenyewe. Bila kufikiri mara mbili aliichukua ile rekodi, saa nzima ya cherehani, akamtumia binti yake. Hakuandika neno. Alidhani sauti itajieleza.

Akakaa kitandani anaitazama simu. Akaona ujumbe umefunguliwa. Akasubiri, kitambaa cha njano bado kiko kwapani. Baada ya robo saa jibu likaja.

"Nimeisikia, mama. Kazi njema."

Alilisoma mara tatu kabla ya kuelewa alichokifanya: bila neno lolote, alikuwa amemtumia binti yake mlio wa kushona kwake, kana kwamba anamwambia bado nina kazi. Akapiga tena, na safari hii simu ya binti ilikuwa imezimwa. Ndipo Fundi Pindo akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya kumzika mumewe. Kigoda aliinua kichwa, masikio yakasimama, akamtazama. Kisha naye akafungua kinywa, akaanza.

Chini, Mwalimu alivumilia kidogo, halafu akagonga dari kwa mpini wa ufagio, mara mbili, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Fundi akajifuta uso kwa kiganja. Akainuka, akakaa kwenye kiti chake dirishani, akaweka miguu kwenye pedali na kuikanyaga. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa chochote. Kigoda akaja, akajikunja kando ya miguu yake, akanyamaza, naye akaendelea kukanyaga.