Mama na Ng'ombe wa Shaba

Mama anapoteza macho. Daktari wetu hapa Ngara alituambia bila kuzunguka kwamba kilichobaki ni mwanga na vivuli tu. Wiki hiyohiyo mjomba Silasi, kaka yake anayeishi Kigali, akapiga simu: mbele ya jumba moja la makumbusho pamewekwa sanamu ya shaba ya ng'ombe wa inyambo, mkubwa kama wa kweli. Ndio wale wenye pembe ndefu aliofuga baba yao kabla familia haijakimbilia Tanzania. Mama alisikiliza, akanirudishia simu. "Nipeleke," akasema.

Jumamosi alfajiri tulichukua teksi hadi mpakani Rusumo. Darajani tulivuka kwa miguu, amenishika kiwiko, maporomoko yakinguruma chini yetu. Akasimama kidogo. "Tulipokimbia nilikuwa na miaka tisa," akasema. Kisha tukaenda kugongewa mihuri kwenye pasi.

Ndani ya basi aliniuliza kila mara nje kuna nini. Nikamwambia: migomba, vilima, watu wenye baiskeli. "Na ng'ombe?" Hapana, sikuona ng'ombe.

Tulifika kituo cha Remera, Kigali, adhuhuri. Mjomba, mwalimu mstaafu, alimkumbatia dada yake katikati ya kituo, wakaongea Kinyarwanda muda mrefu nami nimeshika mifuko.

Alasiri mjomba alitupeleka makumbusho. Mama alinyoosha mkono aiguse sanamu, na mlinzi, dada mmoja mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, akaja haraka.

"Mama, hapana gusa. Hii iko ya kuangalia tu."

"Haoni," mjomba akasema.

Yule dada akamtazama mama usoni. Akaingia ndani kumuuliza mkubwa wake, akatoka. "Chef amekubali. Mukecuru, gusa. Lakini pole pole," akasema, akimwita mama bikizee kwa Kinyarwanda.

Shaba ilikuwa imepigwa na jua. "Ana joto," mama akanong'ona. Akapapasa shingo, nundu, mgongo, akashuka hadi kwenye kiwele, na hapo akacheka. "Chuchu zote sawasawa! Aliyemtengeneza hajawahi kukamua." Hata mlinzi alicheka.

Mwisho alishika ncha ya pembe. "Wewe shika ile nyingine," akaniambia. "Sasa nipe mkono."

Nilinyoosha mkono hadi bega likauma. Vidole vyetu havikukutana.

Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akitusimulia kwamba ng'ombe wa babu, kwa upana wa pembe zao, walilazimika kuinamisha kichwa upande ndipo wapite langoni. Sisi watoto hatukuamini, tulikuwa tukikonyezana. Mimi, mkubwa wao, ndiye niliyemuiga jikoni, mikono nimeitanua kama pembe, wadogo zangu wakianguka kwa kicheko. Sikujua kama aliwahi kutusikia.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Tulikuwa tunakucheka."

"Nilikuwa nasikia," akajibu, bado ameshika pembe. "Ndiyo maana niliacha kusimulia."

Jumatatu asubuhi tulipanda basi la kurudi. Nilitambua kwamba miaka yote ile sikuwahi kumuuliza mama chochote kuhusu kwao. Nilichofanya ni kusikiliza nusunusu. Basi lilipotoka Remera nikamwambia, "Nitajie ng'ombe wa babu, mmoja mmoja."

Aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Kisha akaanza na jike mwekundu mwenye doa kwenye paji la uso. Rwamagana ikapita, Kayonza ikapita. Tulipofika Kibungo alikuwa bado hajafikia ndama.