Kopo la Kutemea la Salvatori

Kwangu mimi pombe ziko za aina mbili tu: iliyopo na iliyokwisha. Nasema hivyo mapema ili usidhani unasimuliwa na mjuzi. Mjuzi ni rafiki yangu Salvatori, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Hapa Louisville, Kentucky, yeye na mimi tumeviringisha mapipa ya wiski katika kiwanda kimoja tangu mwaka 2008. Mimi ni Balagizi, Mkongomani wa Bukavu. Kila asubuhi nampitia kwake South End, na kila asubuhi, kabla hata hajafunga mkanda wa gari, ananieleza alichoonja jana yake.

"Balagizi, ile ya ngano! Inaanza kama maziwa, halafu inakuja asali. Asali ya wale nyuki wadogo wasiouma!"

"Salvatori, minaomba unipe fasi nione njia kwanza," namjibu. "Nyuki utaniambia kule mbele."

Hakuwa mlevi. Hilo niliweke wazi, maana kanisani kuna midomo. Chupa moja ilikaa kwake hata miezi minne. Alikuwa na chupa kumi na tisa juu ya kabati la jikoni, na kila moja ameibandika kikaratasi chenye jina alilolitunga mwenyewe. Bourbon moja, wiski ya mahindi, yenye harufu ya upole, halafu inakupiga kisogoni, aliiita Mzee wa Kanisa. Ile ya rye, nafaka ya nchi za baridi, kali kama pilipili manga mwanzoni na tamu mwishoni, aliiita Shangazi. Jumamosi mkewe Florida humpangia glasi tatu bila kumwambia ipi ni ipi, naye hunusa, huonja kidogo, kisha huruka kitini. Kwa kweli huruka. Nimemwona mtu wa miaka arobaini akipiga makofi kwa sababu ametambua wiski iliyolala ghorofa ya juu ya ghala, kwenye joto, na ndugu yake iliyolala chini.

Pua hiyo aliirithi kwa mama yake, Kostansia, aliyekuwa mpika pombe ya ndizi kule kambini. Salvatori akiwa mtoto alitumwa kunusa shimo walimofukia ndizi ziive. Siku ya tatu bado, siku ya nne ndiyo, siku ya tano umeshachelewa na mtungi mzima umeharibika. Mama alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa, kwa hiyo pua ilijifunza haraka.

Basi mwaka 2015 kiwanda kikatangaza nafasi moja katika chumba cha waonjaji. Hao ndio wanaoamua pipa lipi limeiva na lipi lirudi kulala. Mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kujaribu mtihani wao, lakini mara mbili tu, basi. Salvatori alitembea wiki nzima kama bwana harusi. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika, ni kweli, lakini si mgongo uliomsukuma. Miaka saba alikuwa ameyasukuma mapipa yale na hakuna aliyewahi kumwuliza yana nini ndani. Alitaka aulizwe.

Mtihani wenyewe ni huu: unapewa glasi tatu, mbili zina wiski ile ile, ya tatu ni tofauti. Itafute. Unafanya hivyo mara nne, jumla glasi kumi na mbili. Kwa pua ile niliona ameshapita. Nilimwambia mke wangu Josiane achinje kuku.

Salvatori alitoka amelewa chakari, saa sita ya mchana, watu wote wakiona.

Duru ya kwanza alipata. Ya pili alipata. Ya tatu alibahatisha akakosa. Ya nne alichagua glasi ya maji ya kusuuzia mdomo, akaisifu. Wenzake wote walikuwa wakionja na kutema ndani ya makopo. Yeye alimeza glasi zote kumi na mbili, kila moja mpaka tone la mwisho.

Niliendesha gari nikiwa nimekasirika. "Donc, kopo ya kutemea ilikuwa mbele yako?"

"Ilikuwepo."

"Na haukutema?"

"Balagizi, yule mama mzungu mkubwa wao ameonja kwanza mbele ya macho yangu, kisha akanipa kwa mkono wake. Nimtemee?"

Nilielewa, na kuelewa kuliniudhi zaidi. Kwao anayekupa kinywaji huonja kwanza, uone hakuna sumu. Akishaonja, ukakitema mbele yake, umemwita mchawi nyumbani kwake. Kwetu Bushi, upande wa Bukavu, ni vile vile. Kwa hiyo sikuweza kumcheka sana. Nilimcheka kiasi. Kuku tulimla kimya kimya.

Jaribio la pili na la mwisho lilikuwa Jumatatu ya wiki ya tatu, mwezi wa kumi. Florida alimwekea ndoo jikoni afanye mazoezi, lakini koo lilikataa. Siku hamsini za kufunga na kuomba zisingelifundisha koo lile kutema. Ikabaki Ijumaa moja tu kabla ya mtihani. Salvatori akaniambia anataka kwenda kwa mama yake, akamwulize.

"Mama yako ameokoka," nilimkumbusha. "Atakuombea, atakutoa pepo."

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuonja. Twende."

Mama Kostansia anaishi Amherst, pembeni ya Buffalo, na binti yake wa mwisho Mariya, anayesomea uuguzi chuo kikuu. Ni safari ya kutwa nzima. Tulizungushia chupa tatu blanketi kama watoto wachanga, tukaondoka jioni ile baada ya kazi, tukalala njiani Columbus, katika mtaa wa Hilliard, kwa dada yake Salvatori aitwaye Agata.

Mumewe Agata, Reginaldi, aliposikia shida yetu alifurahi kupita kiasi. Alileta ndoo, akamimina kidogo kwenye glasi, akaonja, akampa Salvatori kwa mikono miwili.

"Haya, shemeji, mimi nimemchukua dada yako miaka kumi na mbili sasa. Una sababu zote. Nitemee!"

Salvatori alitia wiski mdomoni. Mashavu yakavimba, machozi yakamtoka, akainama juu ya ndoo. Tukamshangilia. Akameza.

Mara tatu hivyo. Mara ya nne Reginaldi akaleta wiski iliyotengenezwa hapo hapo Ohio, na hapo tukampoteza mtu wetu kabisa. "Ngojeni, ngojeni! Hawa wamelichoma pipa lao kidogo tu ndani, mnasikia? Ile yetu ina sukari iliyoungua, hii ina ubao mbichi. Weka ile ya Kentucky pembeni. Agata, njoo, nusa!" Agata alinusa, akasema zote zinanuka hospitali. Salvatori alikuwa ameshafungua daftari lake, anaandika, anacheka peke yake. Mtihani aliusahau kabisa. Mimi sikuusahau, nikaenda kulala na hasira zangu.

Kesho yake mchana tulifika Amherst. Nyumbani kwa mama Kostansia pombe haikanyagi tangu alipookoka, kwa hiyo chupa tuliziacha garini. Salvatori alikaa ukingoni mwa kochi, akasimulia yote, pamoja na ile glasi ya maji. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Mjinga wewe, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu. "Kule kambini, asubuhi, kabla wateja hawajafika, nilikuwa nafanya nini juu ya mtungi?"

"Ulikuwa unaonja, mama."

"Halafu?"

Salvatori alijibu polepole: "Ulikuwa unatema. Nyuma ya nyumba."

"Mitungi sita kila asubuhi! Ningemeza yote, nani angewalea? Mgeni hatemi. Mgeni amekuja kunywa. Lakini mwenye mtungi hutema, kwa sababu anawaonjea watu wengine." Akamsogelea. "Huyo mama mzungu, alipoonja mbele yako, alimeza?"

"Alitema."

"Basi alikueleza wazi. Hakukukaribisha sebuleni unywe. Alikuita jikoni."

Salvatori akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga kelele: "Jikoni! Balagizi, umesikia? Aliniita jikoni!"

"Minasikia. Hata majirani banasikia."

Kumbe mama hakuwa amemaliza. "Leteni hizo chupa zilizo garini," alisema.

"Mama!" Mariya alishtuka.

"Sitameza. Mungu anaona koo, haoni shavu." Akaenda kwenye sinki, akatia tone mdomoni, akalizungusha macho yamefumbwa, akatema kwa mlio mmoja safi. Miaka mitano hakuwa amegusa kitu. Akasema, "Hii ina ndizi. Ndizi za siku ya nne."

Salvatori alifungua daftari haraka, akanionyesha ukurasa. Alikuwa ameandika miezi mitatu nyuma: *Ndizi, shimoni, siku ya nne.* Wakakumbatiana, wakapiga kelele wote wawili, na mimi ninayejua pombe aina mbili tu nilijikuta napiga kelele nao. Kisha Salvatori akachukua glasi, akaonja, akainama juu ya sinki ile ile, akatema. Ilimwagikia shati. Akajaribu tena. Walishindana kutema, mama na mwana, wakibishana ipi ni pipa la juu na ipi la chini, mpaka Mariya akafungua madirisha yote na baridi ya Buffalo ikaingia.

Jumatatu niliomba mapumziko mafupi nikasimama nje ya kile chumba, penye kioo cha mlango. Yule mama mzungu, mwenye nywele nyeupe, alionja, akatema, akampa Salvatori glasi ya kwanza. Salvatori alinusa. Alionja. Aliinua kopo lake, akatema kwa mlio mmoja safi, kama mwenye nyumba. Nilirusha kofia juu, msimamizi akanifukuza pale mlangoni.

Duru nne, akapata nne. Kwenye karatasi yao, palipoandikwa ueleze harufu kwa maneno yako mwenyewe, aliandika habari ya ndizi na shimo na siku ya nne. Yule mama alimwita pembeni akamwuliza siku ya tatu ikoje, na ya tano ikoje, naye akasimama pale nusu saa akimfundisha. Siku iliyofuata walimpa kopo lenye jina lake.

Alimpigia mama simu humo humo garini mwangu.

"Ulitema?" mama aliuliza, kabla ya salamu.

"Nilitema, mama."

"Mara ngapi?"

"Kumi na mbili!"

Vigelegele vilivyotoka kwenye simu ile vilinifanya nisimamishe gari kando ya barabara.

Jambo moja limebaki. Miaka yote Salvatori akija kwangu, mimi humpa wiski yangu, ya chupa ya plastiki, na yeye huimeza yote, anakunja uso, anasema asante. Mwaka huo, siku ya Krismasi, nilimmiminia kama kawaida. Nikaonja mbele yake, nikampa kwa mikono miwili. Akanusa. Akaonja. Akainuka, akaenda kwenye sinki ya Josiane, akatema.

Josiane alishika mdomo. Damu ilinipanda. Nilisimama nimtoe nje, kwa kweli nilisimama, na mkono wangu ulikuwa tayari mlangoni. Ndipo yale maneno ya mama Kostansia yakanijia, ya mgeni na ya mwenye mtungi.

"Imeharibika hii, ndugu yangu," Salvatori alisema, akijifuta midevu. "Usiwape watu."

Nilikwenda kabatini nikaleta chupa nyingine, ile niliyokuwa nimeificha, nikamwomba anionjee.