Memori za Kwenda kwa Jozi

"Jirani, hivi aliyekushauri ununue hizi ni nani?"

Kinyozi wa chumba cha pili ndiye aliyeuliza, akilitazama boksi la memori chini ya meza ya Mama Kompyuta, fundi ambaye mtaa mzima ulishasahau jina lake.

"Nilijishauri mwenyewe," akajibu, huku akipuliza vumbi kwenye feni. "Ndiyo maana sina wa kumnunia."

Wakati ule kompyuta za mezani zililetewa memori za aina mbili, kila moja ikitaka kummeza mwenzake. Moja ilikuwa na kasi, ghali, ya moto kama pasi, na haikubali kuingia ila kwa jozi. Tena tundu lililobaki wazi sharti lizibwe kwa kipande kitupu, la sivyo mashine haiwaki. Ya pili ilikuwa ya kawaida, bei yake ya mtu wa chini. Mama Kompyuta aliisifu ile ya kasi kama bibi harusi. Watu wakachukua ya bei nafuu, viwanda vikawafuata watu, na bibi harusi akazeeka kabla ya kuolewa.

Boksi lililomdodea halikumuuma, riziki huipanga Mungu. Waliomuuma ni wale wachache walioamini mdomo wake, hasa wifi yake, mdarizi wa nembo za shule, ambaye michoro yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta yenye memori hizo.

Asubuhi moja wifi akaingia ameikumbatia kompyuta kama mgonjwa.

"Imekata kauli. Sare zinatakiwa kesho, na wewe ndiye uliyesema hii ni ya kufa na kuzikana."

Mama Kompyuta akamwomba Mungu kimoyomoyo, akafungua kasha. Ndani kuling'aa.

"Nani kaisafisha?"

"Kaka yako. Kakuta vipande viwili havina kitu, kavitoa ili ipate hewa."

"Huyo hata mke angemtoa ndani, apate hewa."

Wifi akacheka bila kupenda. Vipande vitupu vingine vikatoka kwenye boksi la chini ya meza, vikabanwa mahali pake, na kompyuta ikawaka na nembo zake zote.

"Basi hii tutakaa nayo hadi wajukuu," wifi akasema.

"Hapana. Imechoka, na memori zake hazitengenezwi tena. Hamisha michoro, tafuta nyingine."

"Nichukue ipi?"

Aliuliza kwa imani ileile ya zamani. Mama Kompyuta akakaza skrubu ya mwisho taratibu.

"Wifi, nakuomba, safari hii waulize na mafundi wengine. Usiniulize mimi peke yangu."